Barua ya wazi kwa wenye funguo za maghala: filamu zetu zisimfuate Theda Bara

Kwa wakuu wa Bodi ya Filamu Tanzania,
Kwa wakuu wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa,
Na kwa wote mliokabidhiwa dhamana ya sanaa nchini,

Shikamooni.

YAH: KUHIFADHI NAKALA ZA FILAMU KABLA HAZIJATOWEKA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwigizaji wa zamani, mmoja wa wale ambao sura zao mliziona na majina yao hamkuyashika: jirani aliyesimama mlangoni na kanga, muuguzi wa dakika mbili, shangazi aliyeleta habari za msiba. Kati ya 2004 na 2010 nilicheza filamu tano. Leo sina hata moja ninayoweza kuiweka mbele ya mtu nikamwambia, huyu hapa ni mimi.

Miaka yote nilinyamaza nikidhani hasara hii ni yangu peke yangu. Kisha tukamzika mwenzetu, mwanamke aliyekuwa na kipaji kunizidi mara kumi, na wanawe wakaomba kitu kimoja tu: siku ya arobaini, ndugu waliotoka mbali wamwone mama yao akiwa kazini. Tulihangaika siku tatu. Kava ya CD tuliipata, safi kabisa, yeye akiwa katikati na gauni jekundu. Diski ya ndani ilikuwa imeota ukungu. Ikacheza dakika chache, ikakwama, haikuendelea tena. Mtayarishaji tulipompigia alitujibu kwa upole, na nadhani alisema kweli, kwamba kanda zilikuwa ghali wakati ule, kwa hiyo baada ya filamu kuuzwa wakarekodia harusi juu yake. Arobaini ikapita na kava ile imeegemezwa ukutani.

Ndipo usiku mmoja, nikitafuta mtandaoni namna ya kuokoa diski iliyoharibika, nikakutana na picha ya mwanamke wa Kizungu mwenye wanja mzito na macho yanayokukodolea kama anakudai. Chini yake iliandikwa kwamba alicheza filamu zipatazo 40 na karibu zote zimepotea. Jina lake Theda Bara. Nilikesha nikimsoma. Naomba mnivumilie niwasimulie habari zake, kwa sababu kila ninalotaka kuwaomba limo ndani ya maisha yake.

Alizaliwa tarehe 29 Julai 1885 huko Cincinnati, katika jimbo la Ohio, Marekani, akaitwa Theodosia Burr Goodman. Baba yake alikuwa fundi cherehani, Myahudi aliyehamia kutoka Poland. Mama yake alitoka Uswisi. Alisoma mpaka chuo kikuu cha mji wake kwa miaka miwili, jambo ambalo wasichana wengi wa enzi ile hawakulipata, kisha akaacha akafuata jukwaa. Miaka mingi hakuna aliyemjua. Mwaka 1914 mwongozaji Frank Powell alimpa nafasi ndogo katika filamu, ya kupita tu. Akampenda jinsi anavyofuata maelekezo, akampeleka kwa William Fox, mwenye kampuni ya filamu, na Januari 1915 ikatoka filamu iliyoitwa *A Fool There Was*. Alikuwa amekwisha kutimiza miaka 29, umri ambao hata kwetu msichana anaanza kuambiwa sasa kubali kucheza mama.

Katika filamu ile alikuwa mwanamke anayewanyonya wanaume mali, heshima na uhai, mmoja baada ya mwingine, wala hajuti. Neno la Kiingereza la mnyonya damu likakatwa likawa "vamp", na likabaki katika lugha yao hadi leo kwa ajili yake. Fox, ambaye kampuni yake ilikuwa changa, alitajirika. Studio kubwa ile, ambayo jina lake mmelisikia maisha yenu yote, ilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya mabega ya binti wa fundi cherehani.

Nataka mwone jinsi walivyomtumia. Watangazaji wa kampuni walisema hakuzaliwa Ohio. Walisema ni mtoto wa Jangwa la Sahara, mama yake mwigizaji Mfaransa na baba yake mchonga sanamu Mwitaliano, na kwamba amekulia kwenye kivuli cha piramidi. Misri yenyewe hakuwahi kuikanyaga. Wakampiga picha na mifupa ya binadamu, na nyoka, na kunguru. Wakawaambia watu kwamba herufi za jina lake zikipangwa upya kwa Kiingereza zinasomeka "kifo cha Mwarabu", na watu wakaamini kwamba kuna uchawi. Inasimuliwa kwamba huko Chicago walimkalisha katika chumba cha hoteli chenye mapazia mazito na moshi wa ubani, amevaa manyoya, awapokee waandishi wa habari kwa lafudhi ya kigeni. Na waandishi walipoondoka alikimbilia dirishani, akalifungua na kuomba hewa.

Hapo ndipo nilipompenda. Sisi tuliokaa kwenye taa za kupigia picha saa kumi na nne bila feni, tumevaa wigi la mtu mwingine, tunaijua hewa ile.

Naye hakuwa mjinga wa mambo yake. Aliwaambia waandishi kwamba uso wake ni wa vampu lakini moyo wake ni wa mtetezi wa wanawake, na kwamba yule mwanamke wa kwenye filamu analipa kisasi kwa niaba ya wote walioharibiwa na wanaume. Alijaribu kutoka kwenye kisanduku walichomfungia. Alicheza Juliet mwaka 1916. Mwaka 1919 alicheza msichana wa Kiayalandi katika *Kathleen Mavourneen*, na Waayalandi wa Marekani wakaja juu, baadhi yao wakisema Myahudi hawezi kuwachezea binti yao. Kwa hiyo akiwa mbaya alishangiliwa, akiwa mwema akakataliwa. Wangapi kwetu waliocheza mchawi mara moja wakafungiwa humo mpaka leo? Sokoni watu huwakwepa.

Alifanya kazi kama punda. Kati ya 1915 na 1919 kampuni ilimtoa filamu karibu 40, wakati mwingine moja haijakauka nyingine imeanza. Wenzangu wa Bongo muvi wanaielewa kasi hiyo. Malipo yalipanda kutoka dola 150 kwa wiki hadi dola 4,000 kwa wiki, na kwa umaarufu wakati ule waliomzidi walikuwa Charlie Chaplin na Mary Pickford tu. Mwaka 1917 alicheza Cleopatra, filamu iliyogharimu dola 500,000, fedha ya kutisha kwa zama zile, yenye merikebu na majeshi na mavazi ambayo wakaguzi wa Chicago waliyakata kwa mkasi. Picha zake za mnato zipo kwa mamia. Ukizitazama unamwona amekaa kwenye kiti cha enzi, nyoka wa shaba kifuani, na unabaki kujiuliza mkono ule aliouinua uliendelea kwenda wapi.

Hatujui, kwa sababu filamu haipo.

Ninaposema filamu bubu, vijana wanadhani ni kitu cha kimya na cha kuchosha. Haikuwa hivyo. Ukumbini kulikuwa na piano au bendi nzima, watu walicheka na kulia kwa sauti, na maneno yaliandikwa kwenye vibao kati ya picha na picha. Aliyekosa sauti ni mwigizaji, na kwa hiyo kazi yake yote ilikaa usoni, mabegani, kwenye vidole, kwenye namna ya kugeuka. Mwandishi akifa vitabu vyake vinaweza kunakiliwa kwa mkono. Mwigizaji wa filamu bubu akipotezewa mikanda yake hakuna kitu chochote duniani kinachoweza kumrudisha. Hata simulizi la aliyemwona halimfikishi. Mtu atakwambia alikuwa na macho makubwa.

Mkataba wake uliisha mwaka 1919, na Fox hakumhitaji tena kwa kuwa watu walikuwa wamechoka na vampu. Mwaka uliofuata akapanda jukwaani Broadway, mtaa wa kumbi za maigizo huko New York. Wachambuzi walimcheka, ukumbi ukajaa hata hivyo. Mwaka 1921 aliolewa na mwongozaji Mwingereza, Charles Brabin, na ndoa ile ilidumu mpaka kifo chake, kitu adimu kwa watu wa kazi hii. Alirudi kwa filamu moja ndefu mwaka 1925 na fupi mwaka 1926, akaacha. Filamu yenye sauti hakucheza hata moja. Akaishi Los Angeles, mwenyeji mkarimu, maarufu kwa karamu zake.

Sasa naingia kwenye sababu ya barua hii.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Julai 1937, huko Little Ferry, New Jersey, ghala lililokuwa na mikanda ya kampuni ya Fox lililipuka. Mikanda ya zama zile ilitengenezwa kwa pamba iliyopikwa na asidi, ndugu wa karibu wa baruti. Ikizeeka hutoa gesi, gesi ikikosa pa kutokea hujikusanya, na joto likipanda huwaka yenyewe bila kiberiti. Ikishawaka haizimiki kwa maji, kwani hewa ya kuwakia inayo ndani yake. Ilikuwa wiki ya joto kali, na jengo lile halikuwa na mianya ya kutosha ya kupitisha hewa. Ndimi za moto zilitokea madirishani zikafika ng'ambo, kwenye nyumba za majirani. Mtoto wa miaka 13 alifariki kwa majeraha. Mikanda zaidi ya 40,000 iliteketea, na pamoja nayo karibu kila filamu bubu ya kampuni hiyo, na karibu kila kitu ambacho Theda Bara alikifanya kwa miaka ile mitano.

Mabaki yalizolewa, malori 57, yakapelekwa kuchenjuliwa ili kupata madini ya fedha yaliyomo kwenye filamu. Kila kopo la mkanda lilitoa fedha ya senti 5 hivi. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Cleopatra, senti 5 kwa kopo.

Theda Bara alikuwa hai. Alibakiza siku 20 kutimiza miaka 52, na aliishi karibu miaka 18 zaidi baada ya moto ule. Alikuwepo duniani, ana akili zake timamu, huku kazi yake imeshatangulia.

Waheshimiwa, nimejaribu kumtafuta wa kumlaumu na nimekuta watu wa kawaida wakifanya kazi za ofisini. Sauti ilikuwa imeingia kwenye filamu tangu 1927. Miaka kumi baadaye filamu bubu haikuwa na soko, na mhasibu yeyote angeuliza kwa nini tulipie ghala zuri kwa mali isiyouzika. Mtu mmoja aliamua mikanda ikae pale. Mwingine aliona jengo linatosha. Mwaka 1948 kampuni nyingine kubwa, Universal, iliharibu yenyewe, kwa makusudi, filamu bubu ilizobaki nazo, tena ikivuna madini yaleyale. Hakuna aliyekuwa na chuki na waigizaji. Walikuwa wanapunguza gharama.

Utafiti uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulihesabu filamu ndefu bubu 10,919 zilizotolewa na kampuni za nchi hiyo kati ya 1912 na 1929. Zilizobaki kamili katika umbo lake la asili ni asilimia 14. Asilimia 70 hazipo kabisa. Hiyo ni Marekani, yenye fedha zake. Za Theda Bara zilizobaki kamili hazizidi sita, na ya Cleopatra vimebaki vipande vya sekunde. Kingine kisichofika dakika moja kilijitokeza mwaka 2023, watu wakashangilia kama waliopata dhahabu. Angalau *A Fool There Was* imeokoka, na mwaka 2015 iliingizwa kwenye orodha ya taifa lao ya filamu za kulindwa. Niliitazama nikiwa peke yangu, simu imeegemezwa kwenye birika. Kuna mahali anageuza bega tu, polepole, na mwanamume mzima anaacha familia. Nimewahi kufundishwa kuigiza kwa miezi sita na sikufundishwa bega lile.

Kuna habari moja njema katika haya yote, nayo inatoka kwenye baridi. Mwaka 1978, huko Dawson City, kaskazini kabisa mwa Kanada, wachimbaji walikuta mikanda 533 ya filamu za zamani imefukiwa kwenye lililokuwa bwawa la kuogelea. Dawson ulikuwa mwisho wa njia. Filamu zikifika pale hakuna aliyetaka kulipia kuzirudisha, zikafukiwa, na ardhi iliyoganda ikazitunza miaka karibu 50. Sisi hatuna ardhi iliyoganda. Tuna Tanga, Mtwara na Dar es Salaam, tuna joto na unyevu wa pwani unaootesha ukungu kwenye viatu vya ngozi ndani ya wiki mbili. Kwetu kitu kilichosahauliwa hakijihifadhi.

Theda Bara alifariki tarehe 7 Aprili 1955. Nilipoiona tarehe hiyo niliweka simu chini. Tarehe 7 Aprili, mwaka 2012, ndipo tulipompoteza mwigizaji wetu Steven Kanumba. Nilikuwepo Leaders Club siku ya kumuaga, nikasukumwa na umati mpaka kiatu kimoja kikabaki huko. Taifa zima lilijua kwamba limepoteza kitu. Je, kuna chumba cha umma ambamo filamu zake zote zimehifadhiwa, nakala bora, zenye majina ya kila aliyecheza naye? Nauliza kwa heshima na nitafurahi sana kuambiwa kwamba kipo.

Najua nitaambiwa ziko YouTube. Zipo nyingi, nashukuru waliozipandisha. Lakini nyingi zimenakiliwa kutoka kwenye CD za mtaani, picha imefifia, mwisho umekatwa, na zinakaa kwenye akaunti ya mtu binafsi anayeweza kuzifuta leo jioni, au kufungiwa kwa kosa lisilowahusu waigizaji. Na hizo ni za mastaa. Filamu za sisi wengine, zilizouzwa Kariakoo nakala elfu chache zikaisha, zilizooneshwa kwenye vibanda umiza vya Mbagala na Mwanjelwa mpaka kanda zikatafunwa na deki, zile hakuna aliyezipandisha popote.

Ombi langu kubwa halihitaji jengo jipya. Kwa sheria yetu filamu hupita kwenu, Bodi, kukaguliwa na kupangiwa daraja kabla ya kuoneshwa. Maana yake kuna saa ambapo nakala iko mikononi mwa Serikali. Naomba nakala hiyo isirudi mtaani kupotea: moja ibaki kwenu na nyingine iende kwa wenzenu wa Nyaraka za Taifa, mji tofauti, paa tofauti, ili moto au mvua ya sehemu moja isimalize vyote. Faili zifunguliwe walau mara moja kwa mwaka kuona kama zinasoma, maana hadi diski kuu za kompyuta hufa zikiwa zimelala kabatini. Na iandikwe orodha yenye majina yote, mpaka la aliyebeba taa na aliyecheza muuguzi. Waigizaji wa mwanzo kabisa wa Marekani hawakuandikwa majina kwenye filamu, kampuni zikiogopa kwamba wakijulikana watadai fedha zaidi, na mpaka leo wapo wanaotazama sura zile bila kujua ni za nani.

Za zamani ndizo zinazonitia hofu zaidi. Zimo kwenye VHS na kanda ndogo za kamera, majumbani mwa watu, juu ya makabati. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha mwaka 2016. Kila deki inayokufa kwa fundi inakufa na filamu ambazo ingezisoma. Naomba ofisi moja tu, hata chumba kimoja, chenye deki nzima tatu, kompyuta, kiyoyozi kisichozimwa wikiendi, na vijana wawili wanaojua kazi. Tangazeni redioni kwamba mwenye kanda alete, atarudishiwa yake, na Serikali haitamnyang'anya haki zake. Hilo la mwisho lisemwe kwa sauti, kwa sababu watayarishaji wengi wanaficha kanda kwa kuogopa kuibiwa, na hawana kosa kuogopa.

Msinisubirishe kwa sababu ya kuchagua filamu zipi zina thamani. Mwaka 1937 waliokuwa na funguo walikuwa wameshachagua, na filamu za vampu hazikuwamo.

Mimi mwenyewe nimeanza. Nimezunguka kwa wenzangu, Temeke, Sinza, mpaka Bagamoyo. Ninazo kava 61 na kanda ndogo 14, mbili kati yake zikiwa na maandishi ya kalamu yaliyofutika. Ile kava ya gauni jekundu wanawe wamenipa niitunze, nayo ninayo. Vyote vimo ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko, pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu nilivyovitoa kwenye maboksi ya viatu. Nitaileta ndoo siku yoyote ya kazi, saa yoyote mtakayopanga. Nielekezeni tu ni ofisi gani, ghorofa ya ngapi, na nimuulizie nani.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwigizaji wa zamani, Dar es Salaam